Bendi ya Radi Kavu na Hotuba ya Vyoo

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema, tena kwa sauti, asije mtu akanijia kesho kuniambia ameiona, au kwamba shemeji yake anafanya kazi pale wizarani. Haipo. Ingekuwapo, wallahi nisingethubutu kuisimulia.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na mtawala aliyeitwa Mtukufu Mwangalizi, na palikuwa na sheria iliyopendwa kuliko zote: sauti ya Mtukufu ikisikika redioni, kila raia asimame wima na aweke mkono wa kulia juu ya kitovu. Nchi nyingine huweka mkono moyoni. Lakini wataalamu wa nchi hii waligundua kwamba moyo umeelemea upande mmoja, na serikali haina upande. Kitovu kiko katikati. Basi watu walisimama. Kinyozi alisimama na wembe hewani, na mteja wake alisimama na ndevu nusu. Mama lishe alisimama, na wali ukaungua kwa heshima zote. Aliyekuwa chooni naye... tutafika huko kwenye vyoo, msiwe na haraka.

Palikuwa pia na Jumba la Magwiji wa Taifa, jengo la marumaru lenye ukuta mrefu, na ukutani yamechongwa majina ya wote waliolitukuza taifa kwa muziki. Alikuwemo Waziri wa zamani wa Uvuvi, aliyewahi kuazimisha viti kwenye dansi. Ilikuwemo Kwaya ya Idara ya Mizani na Vipimo. Alikuwemo bwana mmoja aliyemiliki redio ya kwanza mtaani kwao. Kilikuwemo kipaza sauti, peke yake, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa.

Radi Kavu hawakuwemo.

Mtauliza, Radi Kavu ndio nani? Mnaona? Hilo ndilo tatizo lenyewe.

*

Walikuwa vijana wanne waliopiga roki enzi ambazo gita la umeme lilihesabiwa ni chombo cha kuchomea vyuma. Wawili wamekwisha kufukiwa, mpiga solo na mpiga ngoma. Waliobaki ni Hiari Mbonde, mwimbaji, na Kibwana Shomvi, ambaye habari hii ni yake, mpiga gita la besi. Na mpiga besi, jamani, nani humjua? Watu humtazama mwimbaji, humshangilia mpiga solo, humpa maji mpiga ngoma kwa sababu anatoka jasho. Mpiga besi husimama nyuma karibu na pazia, na mwisho wa dansi huombwa asaidie kubeba spika.

Lakini Kibwana hakulalamika. Yeye ndiye aliyetunga ule mwanzo wa besi wa wimbo wao wa "Nipisheni", noti saba zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi akiwa na hasira. Noti hizo leo zinapigwa katika kila harusi ya mji ule, bwana harusi anapoingia ukumbini. Mabendi yote yanazipiga. Ukiuliza ni za nani, wanakwambia ni za zamani.

Msidhani bendi ile ilipigwa marufuku. La! Ingepigwa marufuku ingekuwa heshima. Waliopigwa marufuku walikuwa na chumba chao kizima pale kwenye Jumba, kinachoitwa Chumba cha Waliosamehewa, chenye mazulia. Wala Radi Kavu hawakudharauliwa, maana kumdharau mtu sharti kwanza umtazame. Wao walipitwa tu. Walirekodi wimbo mmoja redioni, siku moja, mchana, ukapigwa mara moja baada ya bei za mazao, na mambo yakaishia hapo.

Sasa Hiari alikuwa anakufa.

Alishikwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walimpasua, wakamrudishia uhai wa mwaka mmoja na nusu na wakabaki na sauti. Sauti ile! Ilikuwa nyembamba, inapanda juu mpaka mtu unaogopa, halafu haikatiki. Sasa Hiari alilala kitandani katika chumba alichopanga pamoja na Kibwana, wazee wawili wasio na wake wala watoto, na alipotaka kusema jambo aliliandika kwa chaki kwenye kibao cha shule. Kwa kawaida aliandika "uji mwepesi sana" au "funga mlango". Asubuhi moja aliandika kitu kingine, akakigeuza kibao Kibwana akisome.

*Nataka nisikie sauti yangu mara moja.*

Kibwana alisoma, akaenda kusimama dirishani na kujifanya anatazama mvua. Mvua yenyewe haikuwepo.

"Kanda iko kwenye ghala la Jumba," alisema hatimaye. "Kanda zote za redio zilihamishiwa kule."

Hiari alifuta, akaandika: *Kachukue.*

"Hawatoi, kaka. Hawaifungui mpaka bendi iwe inasailiwa kuingia ugwiji."

Hiari alikifuta kibao. Kisha akaandika tena, polepole, kwa herufi kubwa: *BASI TUINGIE UGWIJI.*

Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kibwana hakucheka. Alivaa viatu.

*

Afisa Mapokezi wa Jumba aliitwa Bi. Sikudhani, mama wa makamo mwenye mhuri mkononi na mhuri mwingine wa akiba mfukoni. Alikuwa mtu mwema kwa kadiri kazi ilivyomruhusu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuiombea bendi yangu utambuzi."

"Hewallaa. Fomu hii hapa. Swali la kwanza: bendi imewahi kutambuliwa?"

"Hapana. Ndiyo maana nimekuja."

Bi. Sikudhani alisikitika kweli. "Mzee wangu, hii ni Kamati ya Kutambua Waliotambulika. Asiyetambulika tukimtambua, si itaonekana kwamba zamani tulikosea?"

"Hakuna nafasi ya waliosahauliwa?"

"Ipo! Kila mwaka tunaingiza mmoja." Akafungua daftari kubwa. "Mwaka jana aliingia Mheshimiwa Naibu Spika. Lakini lazima jina liwe kwenye Orodha ya Waliosahauliwa. Nyinyi hamumo."

"Kwa nini hatumo?"

"Hakuna aliyewakumbuka kuwaandika."

Kibwana alishika ukingo wa meza. Alikuwa na miaka sabini na minne na kiti cha wageni hakikuwepo.

"Mliwahi kupigwa marufuku, angalau?" Bi. Sikudhani aliuliza kwa upole, kama anayemtafutia mgonjwa dawa nyingine.

"Hapana."

"Kufungwa?"

"Hapana."

"Hata kuonywa?"

"Mwanangu, hakuna aliyetusikia."

"Pole sana, mzee wangu. Pole mno."

Basi Kibwana, akiwa hana hoja iliyobaki, aligonga meza kwa vidole. Hakukusudia. Vidole vya mpiga besi hujiendea vyenyewe vikichoka. Noti saba zikateremka pale juu ya mbao, na Bi. Sikudhani akainua kichwa.

"Huo si ni ule wimbo wa kuingilia bwana harusi?"

"Ni wangu."

"Acha utani, mzee."

"Niliutunga kwenye ngazi za soko la samaki, mwaka wa njaa. Nilikuwa nimefukuzwa nyumba."

Bi. Sikudhani alimtazama mzee yule kuanzia kofia mpaka viatu, na viatu ndivyo vilivyomshinda. "Mimi marehemu mume wangu aliingia ukumbini kwa wimbo huo," alisema. "Alikosea hatua, akanikanyaga." Akachukua mhuri wa akiba, ule wa mfukoni, akaipiga fomu mara tatu bila kusoma maswali yaliyobaki.

"Jumatano, saa tatu. Kuna wajumbe saba. Usibishane nao, mzee wangu, utawaamsha."

*

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Tandala Majuto, ambaye kwenye mlango wa ofisi yake vyeo vilianza kwenye mbao vikaishia ukutani. Alikohoa mara moja, wajumbe wakaandika kikohozi kwenye kumbukumbu.

"Waheshimiwa," alianza, "hoja iliyo mbele yetu ni nzito, pana, na yenye urefu wa kutosha. Je, bendi hii, inayodaiwa kuwa ilikadiriwa chini ya thamani yake, inastahili ukuta wetu? Nasema inayodaiwa. Maana aliyeikadiria ni nani? Ni sisi. Na sisi tukikadiria chini, basi thamani yenyewe huteremka ikatukuta huko huko chini. Huo ndio uchumi."

Wajumbe walipiga meza kwa makofi. Mmoja aliyekuwa amelala alipiga paja la jirani yake.

Mjumbe wa pili, kanali mstaafu, alitaka kujua kitu kimoja tu. "Kama walikuwa wazuri, kwa nini sisi hatukuwajua? Na kama sisi hatukuwajua, walikuwa wazuri kwa nani?"

"Kwa waliocheza," Kibwana alisema.

"Hao wana cheti?"

"Walikuwa wanacheza, mheshimiwa. Mikono ilikuwa juu."

Hilo pia liliandikwa: *mikono ilikuwa juu, sababu haijulikani.* Saa nzima ilipita. Walijadili kama radi inaweza kuwa kavu bila idhini ya Idara ya Hali ya Hewa. Walijadili kama gita la besi, lenye nyuzi nne, halikuwa njama ya kukwepa nyuzi mbili za gita la kawaida. Kibwana alijibu kila swali, tena kwa adabu, huku akimfikiria Hiari aliyemwacha na kikombe cha uji na kengele ya baiskeli ya kuitia jirani. Alitaka kitu kimoja tu. Watoe ile kanda, aisikie iko salama, aombe nakala, aondoke. Ukuta wao wangebaki nao.

"Tusikilize kielelezo," Mwenyekiti alisema mwishowe.

Fundi mitambo aliingia na boksi lililojaa vumbi. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa kwa wino uliopauka: *Radi Kavu. Nipisheni.* Kibwana alipouona mwandiko ule alihisi machozi yakimlenga. Miaka arobaini na sita!

Kisha akaona kwamba maneno yale yamekatwa kwa mstari, na chini yake, kwa wino mwekundu: *Hotuba ya Vyoo.*

Sasa hapa nieleze, maana nyinyi mnaotoka nchi zilizopo hamtaelewa. Ule mwaka wa pili baada ya Radi Kavu kurekodi, kanda ziliadimika nchini. Mtukufu naye alikuwa na mengi ya kusema. Basi redio ikawa inachukua kanda za zamani na kurekodi hotuba juu yake. Hawakufanya kwa ubaya. Waliokota ya juu kabatini tu, na ya juu kabatini ilikuwa ile ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Fundi alibonyeza. Sauti ya Mtukufu, enzi za nguvu zake, ikajaa chumba: "Wananchi! Nyumba bila choo ni nini?"

Kamati nzima ilisimama, mikono kwenye vitovu. Kibwana naye alisimama. Na kwa kuwa hakuna binadamu mwenye kichwa chake aliyewahi kuzima hotuba ya Mtukufu katikati, walisimama saa mbili na dakika arobaini, wakielezwa kina cha shimo, umbali kutoka kisimani, na namna ya kuchagua udongo.

Lakini ilipofika dakika ya ishirini, pale Mtukufu aliposema "chimbeni," kitu kilianza kusikika chini ya maneno. Kilikuwa mbali, kizito, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Noti saba zikateremka. Kisha zikateremka tena.

Kibwana alizitambua. Ilikuwa besi yake. Mungu amsamehe, alifurahi! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisikia peke yake, na sasa ilikuwa pale, safi, haina solo wala ngoma ya kuifunika. Akakumbuka upesi kilichomleta. Akahesabu mipigo minane, akatega sikio pale Hiari alipokuwa akiingia: *Nipisheni nami nipite, njia hii haina mwenyewe.*

Hakuna aliyeingia. "Chimbeni futi kumi na mbili," alisema Mtukufu.

Kibwana alitega tena kwenye ubeti wa pili, na wa tatu, na pale juu kabisa mwishoni ambapo sauti ile ilikuwa haikatiki. Palikuwa patupu. Baada ya dakika nne besi nayo ikaisha, hotuba ikaendelea.

Ilipokwisha na watu wakakaa, Kibwana alimsogelea fundi na kumnong'oneza, "Sauti nyembamba imekwenda wapi?"

"Imefutika, mzee," fundi alinong'ona. "Ukirekodi juu, nyembamba hutoka mara moja. Nzito ndiyo ngumu kufutika, hubaki chini ya kanda. Nasikitika." Na kweli alisikitika. Alivua miwani yake ya uzi, akaifuta.

Ndipo aliposikika mtu akilia. Alikuwa ni Mwenyekiti.

"Waheshimiwa," alisema Profesa Mhandisi Tandala Majuto, na mashavu yamelowa, "mmesikia nilichosikia? Kuna muziki! Mtukufu aliimba! Tulikuwa na gwiji wa roki kwenye kiti cha enzi, na kwa unyenyekevu wake hakututajia!"

Wajumbe sita walitazamana, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme hapana. Mnajua wenyewe kilichotokea. Kanali akapiga makofi.

"Mheshimiwa," Kibwana alisema kwa hasira, "pale palikuwa na mwimbaji. Anaitwa Hiari Mbonde. Wamerekodi juu yake."

"Mzee," Mwenyekiti alijibu kwa huruma, "mwimbaji tumemsikia."

*

Mambo yalikwenda mbio. Kabla ya alasiri Kamati ilikuwa imepitisha kwa kauli moja kwamba Radi Kavu ilikuwa bendi bora kuliko zote katika historia ya taifa, na kwamba ilidhulumiwa sana, na kwamba aliyedhulumiwa zaidi alikuwa mwimbaji wake. Mtukufu alipelekewa habari. Alikuwa na miaka tisini na moja, na kuimba hakukumbuka, lakini pia hakukanusha. Kwa miaka mingi alikuwa hakumbuki hata mambo aliyoyafanya.

Bi. Sikudhani alimletea Kibwana karatasi. Ilisema kwamba yeye, Kibwana Shomvi, anathibitisha kuwa alipata bahati ya kumsindikiza Mtukufu kwa gita.

"Sitii sahihi," Kibwana alisema. "Mwanangu, nakuheshimu, lakini siwezi. Mwenye wimbo yuko kitandani, yuko hai, ananisubiri."

"Usijisumbue, mzee wangu," Bi. Sikudhani alisema, akitazama chini. "Wameshakutilia."

Kibwana alirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alipanga maneno. Kaka, kanda imefutika. Hapana. Kaka, tumefika nusu. Hapana. Alipofungua mlango alimkuta Hiari ameketi kitandani, amenyolewa na jirani, amevaa lile shati jekundu la bendi ambalo sasa lingewatosha watu wawili wa mwili wake. Alikuwa ameshaandika kibaoni: *Je?*

Na Kibwana, aliyepiga besi miaka yote bila kukosea, alikosea.

"Wamekubali, kaka," alisema. "Itapigwa redioni Jumamosi. Nchi nzima itasikia."

Hiari alikiweka kibao chini. Akaushika mkono wa Kibwana kwa mikono yake miwili, akaubusu. Kibwana aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikwenda kupika uji.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, redio zote za nchi zilifunguliwa. Balozi wa mtaa, Mzee Pazi, alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake kuhakikisha kila raia amesimama. Alipofika kwa wazee wale alibaki mlangoni.

"Huyu ni mgonjwa, balozi," Kibwana alisema.

"Mgonjwa husimamishwa. Kifungu cha nne."

Kibwana akamwinua Hiari. Hakuwa na uzito wowote. Akamwegemeza kifuani kwake, mgongo kwa kifua, mkono mmoja ukimzunguka mbavuni, na mkono wa Hiari akauweka juu ya kitovu ili balozi aridhike. Hiari hakujali. Macho yalikuwa kwenye redio, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemngoja mgeni wake wa siku nyingi.

"Wananchi! Nyumba bila choo ni nini?"

Hiari aligeuza shingo kumtazama Kibwana. Kibwana alitazama ukuta. Dakika ya kwanza ikapita, ya tano, ya kumi. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja hakuweza, mwingine hakuthubutu. Kifuani kwake Kibwana alihisi mwenzake akipumua haraka haraka, kisha polepole, kama mtu aliyemaliza kuelewa.

"Nisamehe, Hiari," alimnong'oneza sikioni. "Nisamehe ndugu yangu. Wamekufuta."

Ndipo Mtukufu akasema "chimbeni," na noti saba zikateremka.

Hiari alishtuka mwili mzima. Alisikiliza noti zile, akahesabu minane, Kibwana alimhisi akihesabu kwa kidole kwenye kitovu, na mahali pake palipofika alifungua mdomo akaingia. Aliingia barabara, hakuchelewa wala kuwahi. Hapakutoka sauti, pumzi tu, lakini chini ya mkono wa Kibwana mbavu zilipanda na kushuka kwa wimbo wote. Aliimba ubeti wa kwanza. Aliimba wa pili. Nchi nzima ilikuwa imesimama ikisikiliza habari za udongo, na katika chumba kimoja bendi ya Radi Kavu ilikuwa inapiga.

Balozi Pazi alisogea karibu, akainamisha kichwa. "Huyu midomo yake haifuati hotuba. Mtukufu anasema 'mfuniko', yeye anasema kitu kingine. Anasema nini?"

"Hana sauti, balozi. Hasemi kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

Kibwana alimkaza Hiari kifuani. Walikuwa wamefika ubeti wa tatu, pale juu. Hiari alinyanyua kidevu, akafungua mdomo wote, akaishika ile noti ya mwisho. Aliishika. Besi ilizunguka chini yake mara nne, akawa bado ameishika. Besi ikaisha. Hotuba ikaendelea na umbali wa choo kutoka jikoni, na Kibwana akangoja mbavu zile zishuke ili mwenzake avute pumzi nyingine.

Zilishuka. Hazikupanda tena.

Zilibaki saa mbili na dakika kumi na sita za Mtukufu. Sheria ya kusimama haikuwa na kifungu cha marehemu. Kibwana alisimama pale na Hiari wake mikononi, mkono wa Hiari kitovuni, mgongo wake mwenyewe umeegemea kabati lisilokaa sawa, machozi yakidondokea lile shati jekundu begani. Hakuweza kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Balozi alichungulia mara tatu, na kila mara aliandika.

*

Mwaka uliofuata Jumba la Magwiji lilitoa tuzo. Ukuta mpya ulijengwa kwa ajili ya Radi Kavu, na juu yake palichongwa kwa dhahabu jina la Mtukufu Mwangalizi, *mwimbaji*, na chini kwa herufi ndogo, *akisindikizwa na vyombo.* Majina ya vyombo hayakuenea ukutani. Hotuba ya Vyoo ilipigwa humo ndani mfululizo tangu asubuhi hadi jioni, hivyo wageni wote walitembelea Jumba wakiwa wima na mikono vitovuni, jambo lililosifiwa sana na magazeti.

Kibwana alipelekewa barua kwamba rafiki yake naye amekumbukwa. Alikwenda. Bi. Sikudhani alimpokea, akamwongoza mpaka kona ya kusini, karibu na ndoo za usafi, akamwonyesha kibao kidogo cha shaba. Taarifa ya Balozi Pazi ilikuwa imepanda ngazi kwa ngazi mpaka ikafika mezani kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa amelia tena.

*Hiari Mbonde,* kibao kilisema. *Msikilizaji Bora wa Taifa. Alisimama mpaka mwisho bila kutikisika.*

Kibwana alisoma mara mbili. Bi. Sikudhani alitaka kusema pole, akaona haitoshi, akarudi kwenye meza yake na mihuri yake.

Mzee alibaki peke yake na askari wa zamu. Alisubiri. Spika ilikuwa juu ya kichwa chake, na ilipofika dakika ya ishirini Mtukufu akasema "chimbeni," na noti saba zikateremka. Kibwana hakuwahi kuimba maisha yake yote. Hakujua hata kama ana sauti. Alihesabu minane, akalitazama jina la rafiki yake, akafungua mdomo.

"Nipisheni nami nipite..."

Ilikuwa sauti mbaya, nzito, ya mtu wa nyuma karibu na pazia. Askari alimjia mbio na kumshika bega, si kwa ukali, kwa maana alikuwa mzee.

"Shii! Nyamaza, mzee," alimwambia. "Huoni Mtukufu anaimba?"